Umepunguzwa Kazi: Je, Kumficha Mwenzi Wako Ni Kumlinda?





Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huanzia kazini lakini huishia mezani petu na hata kitandani petu. Ni hofu ya kupunguzwa kazi.

Anayefanya kazi katika kampuni kubwa anazijua dalili zake. Ovataimu inakatwa. Vibarua wa mkataba hawaitwi tena. Wakubwa wanakaa katika mikutano isiyokwisha, na karani wa ofisi ya wafanyakazi, aliyekuwa akikusalimu kwa jina, sasa anapita akitazama chini. Kisha maneno yanaanza. Wanatoka watu mia mbili. La, ni idara moja tu. La, orodha imekwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi ya mkurugenzi. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wafanyakazi waliokuwa marafiki wanaanza kutazamana kama washindani, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo ni nani aliyeajiriwa baada yake.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wa serikali walistaafishwa mapema, na viwanda vya nguo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Miaka ya 2000 maelfu walitoka katika shirika la simu. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, waliokuwa katika hoteli na ndege waliamka wakiwa hawana kazi. Nyuma ya kila aliyetoka palikuwa na nyumba, na katika nyumba hiyo palikuwa na mtu aliyepaswa kuambiwa.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Mume au mke aliyepata habari kwamba kazi yake inakwisha, je, ana haki ya kumficha mwenzake kwa nia ya kumlinda? Kunyamaza huko ni upendo, au ni uongo?

Siulizi kama mwalimu aliyesoma jambo hili vitabuni. Nauliza kama mtu aliyelianguka mtihani huo.

Siku kumi na tisa

Mwaka wa 2014 nilikuwa nimetimiza miaka 12 katika kiwanda kimoja kikubwa. Ijumaa moja tuliitwa watu kadhaa, tukapewa barua, tukaambiwa tutalipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi na tusirudi Jumatatu. Nilipofika nyumbani mama watoto alikuwa akipiga pasi sare za shule. Akaniuliza, "Habari za kazi?" Nikajibu, "Nzuri."

Neno hilo moja nililibeba kwa siku 19.

Kila asubuhi nilivaa kama kawaida, nikachukua chakula changu cha mchana, nikatoka. Siku nyingine nilizunguka kutafuta kazi. Siku nyingine nilikaa kanisani kwenye benchi la nyuma, hata akina mama wanaosafisha kanisa wakadhani nasali novena. Jioni nilirudi saa ile ile ya siku zote. Nilijiambia: nikipata kazi nyingine nitamweleza yote, tutacheka pamoja. Nilijiona mtu mwema anayebeba mzigo peke yake ili mkewe alale usingizi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea katika siku hizo. Kwanza, mama watoto alikopa shilingi 30,000 katika chama chao, akamalizia karo ya mdogo wake chuoni, akiahidi kurudisha fedha hizo mwisho wa mwezi kutoka mshahara wangu. Pili, shule moja ilimtafuta ashone sare za wanafunzi. Alikataa kazi hiyo, kwa kuwa mtoto wetu mdogo alikuwa akisumbuliwa na pumu, naye aliona mshahara wa baba unatosha. Maamuzi yote mawili yalikuwa ya busara kwa mtu aliyejua aliyoyajua yeye. Kwa mtu aliyejua niliyoyajua mimi, yote mawili yalikuwa hasara. Nami nilikuwa nimeketi pale pale nikimtazama akiyafanya.

Alijuaje? Katika wiki ya tatu tulikuwa na sala ya jumuiya. Mama mmoja ambaye mumewe alitoka kazini pamoja nami alimshika mkono akamwambia, "Pole dada, Mungu atafungua mlango." Mke wangu akauliza, "Pole ya nini?"

Usiku ule hakunipigia kelele. Alisema maneno machache tu. "Kazi kwisha si kosa lako, Baba watoto. Lakini siku hizo 19 nilikuwa nikiishi na nani?"

Siri hiyo ni ya nani?

Nilijitetea kwamba sikusema uongo, nilinyamaza tu. Wengi wetu hujitetea hivyo. Basi tulipime neno hilo.

Ni kweli kwamba si kila kunyamaza ni uongo. Kuna siri za halali. Daktari ana siri za wagonjwa wake, padre ana siri ya kitubio, na rafiki aliyekufungulia moyo wake hakukuruhusu umwambie mkeo. Lakini tazameni: siri hizo zote zina mwenyewe. Anayezitunza anatunza mali ya mtu mwingine aliyemwamini. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama naweza kulificha jambo, yanipasa kuuliza kwanza: jambo hili ni la nani?

Mshahara uliokwisha haukuwa jambo langu peke yangu. Ulikuwa unga wa watu watano, kodi ya nyumba, dawa ya pumu na madaftari. Mke wangu alikuwa akiishi ndani ya jambo hilo kama nilivyokuwa nikiishi mimi. Mtu anaweza kumwekea mwenzake siri ya mtu mwingine, lakini hawezi kumwekea siri ya maisha ya huyo mwenzake mwenyewe. Akifanya hivyo hatunzi siri, bali amechukua kisicho chake. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 huieleza ndoa kuwa ushirika wa maisha yote, wala haikuweka kando maisha ya kazini na ya mfukoni.

Tulipime na neno la pili, yaani kulinda. Anayelinda huondoa hatari. Nyoka akiingia nyumbani nami nikamfunga mke wangu macho kwa kitambaa, je, nimemlinda? Nyoka yupo pale pale, na sasa anayeweza kukanyagwa miguu gizani ni yeye. Mwenye nyumba wetu alikuwa akija kudai kodi tarehe tano, na kunyamaza kwangu hakukuisogeza tarehe hiyo hata siku moja.

Kuna na jambo la tatu, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Siku ya ndoa yetu tuliahidiana mbele ya altare kuwa waaminifu katika heri na katika shida. Yeye naye aliahidi, si mimi tu. Shida ilipokuja, nilimzuia asiitimize ahadi yake. Niliamua peke yangu, bila kumwuliza, kwamba ahadi yake haikuwa na nguvu ya kutosha kuubeba ukweli. Nilidhani namheshimu, kumbe nilimdharau.

Lakini kuna hali ngumu

Najua mtanijibu. Mmoja atasema, "Mke wangu ni mjamzito wa miezi minane na presha yake iko juu." Mwingine atasema, "Nikimwambia leo, kesho kijiji kizima kinajua." Naye mama mmoja atasema, "Mume wangu akisikia nimeachishwa kazi atanipiga."

Hoja hizi si za mchezo, wala sitaki kuzipita kama sikuziona. Nadhani yafaa tutofautishe kuchelewesha na kuficha. Anayechelewesha anatafuta saa nzuri ya kusema. Anayeficha anaomba saa hiyo isifike kamwe. Anayechelewesha ana siku aliyoiweka, na ana mtu aliyemshirikisha, kama daktari wa mkewe au padre wake. Tena, katikati ya hapo hasemi uongo. Aliyetoka nyumbani asubuhi amevaa nguo za kazi asiyo nayo, huyo haahirishi tena neno, huyo anaigiza. Mimi niliigiza.

Kwa mama anayeogopa kupigwa, shauri langu ni jingine. Usalama wako ni kwanza. Tafuta mzee, ndugu au padre unayemwamini, na jambo hilo lisemwe mbele yake. Nyumba ambayo ukweli hujibiwa kwa ngumi ina ugonjwa mkubwa kuliko ukosefu wa kazi.

Na uvumi je? Je, kila linalosemwa kantini tulibebe hadi nyumbani? La hasha. Kumwagia mwenzako uvumi kumi kila jioni ni kumtesa bure. Lakini hofu yako si uvumi. Hiyo iko kweli, na mwenzako anaiona hata usipoitaja. Hofu isiyosemwa hutokea kwa mlango mwingine: mchuzi una chumvi nyingi, watoto wana kelele, kwa nini taa hii inawaka mchana. Mke naye, asipojua sababu, huitafuta mwenyewe, na mara nyingi huishia kudhani kuna mwanamke mwingine. Sentensi tatu zingetosha kuzuia hayo yote: "Kazini kuna maneno ya kupunguza watu. Sijui kama nimo. Naogopa." Sentensi ya tatu ndiyo ngumu kwetu wanaume, nayo ndiyo inayofanya kazi.

Tobiti na mbuzi wa Ana

Katika Biblia yetu kuna Kitabu cha Tobiti, ambacho wengi hukisoma siku za arusi tu. Kisomeni tena mkiwa na jambo hili akilini. Tobiti alikuwa na cheo kizuri huko Ninawi, mnunuzi wa bidhaa za mfalme. Mfalme akabadilika, mambo yakageuka, mali yake yote ikanyang'anywa, akabaki na mkewe Ana na mwanawe Tobia. Baadaye akapofuka. Basi Ana akafanya kazi ya kufuma nguo kwa ujira.

Siku moja waliomwajiri walimlipa ujira wake wote, wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti akasikia mbuzi akilia nyumbani, akamshuku mkewe kwamba amemwiba, akamwamuru amrudishe. Ana akakasirika, naye akamwuliza yako wapi basi matendo yake mema. Tobiti akalia, akamwomba Mungu amwondoe duniani.

Huyu alikuwa mtu mtakatifu! Tena hakumchukia mkewe. Kilichomuuma ni kwamba zamani yeye ndiye aliyekuwa akileta chakula nyumbani, na sasa kimeletwa na mkono mwingine. Mbuzi yule alimkumbusha kwamba hana kazi. Hapo ndipo mizizi ya kuficha kwetu ilipo. Tunaficha kwa sababu tunaamini kwa siri kwamba tunapendwa kwa ajili ya mshahara, na ukiisha mshahara hatuna tena cha kupendewa.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka wa 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Mafundisho hayo huwa tunawasomea waajiri. Yafaa tujisomee na sisi wenyewe. Kampuni ikiniona kuwa namba katika orodha, ni makosa yao. Lakini mimi nikijiona hivyo hivyo nyumbani kwangu, nimewasaidia kukosea.

Nanyi akina mama, niruhusuni niseme neno. Mume hujifunza kuficha kwa kusikia. Anasikia unavyomtaja jirani ambaye mumewe anashinda nyumbani. Anasikia unavyosema, "Mwanamume asiyeleta kitu ni mwanamume gani?" Hukumlenga yeye, lakini ameliweka neno hilo moyoni, na siku ya barua litamfunga mdomo. Hali kadhalika, akina baba, mke anapopunguzwa kazi msiseme, "Si neno, mshahara wangu upo." Mara nyingi fedha zake ndizo zilizokuwa zikinunua vitu ambavyo hamkujua kwamba vinanunuliwa, na kazi ile ilikuwa heshima yake kama yenu ilivyo heshima yenu.

La kufanya barua inapokuja

Kwanza, isomeni pamoja. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 40, inamlinda anayepunguzwa kazi. Chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wanapaswa kujulishwa sababu kwa muda usiopungua mwezi mmoja kabla, na asiye mwanachama ajulishwe mwenyewe kwa maandishi. Kuchagua wanaotoka kunapaswa kuangalia muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu, si nani anachukiwa na nani. Anayetoka ana haki ya notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na fidia isiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyetimiza miaka 12, kama mimi, ana siku 180, yaani karibu mishahara ya miezi sita. Hesabu hiyo fanyeni watu wawili kabla ya mmoja kutia sahihi popote. Aliyeshtuka hahesabu vizuri.

Pili, orodhesheni madeni yote, pamoja na yale ambayo mwenzako hayajui. Hasa semeni ni nani mmemdhamini katika sako, kwa maana rafiki aliyepunguzwa kazi pamoja nawe akishindwa kulipa, mdhamini ndiye atakayedaiwa. Mficha uchi hazai.

Tatu, fidia isiliwe na pupa. Si wachache katika miaka ile ya 1990 waliopokea fedha nyingi kwa mara moja, wakanunua matatu au kufungua duka bila kushauriana nyumbani, na baada ya mwaka wakabaki na madeni. Wala msikimbilie kuweka rehani nyumba mnayoishi. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenzi. Hata sheria ya serikali imetambua kwamba paa hilo lina wenyewe wawili.

Nne, watoto wakubwa waambiwe kwa kadiri ya umri wao. Watoto husikia kupitia ukutani, na wanachokisikia nusu huwatisha kuliko ukweli mzima.

Mwisho, neno kwa aliyebaki kazini. Usijione mwenye hatia kwa kubaki, wala usimkwepe aliyetoka kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Mpigie simu. Katika ule mfano wa shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20, wale waliosimama sokoni hata saa kumi na moja hawakuwa wavivu, ila hakuna aliyekuwa amewaajiri. Bwana wa shamba alitoka akawaendea mwenyewe.

Na sisi je?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shule ile ilikuwa imekwisha kumpa fundi mwingine kazi ya sare, lakini muhula uliofuata mama watoto aliipata, nami nikajifunza kukata vitambaa. Deni la chama tulilimaliza kwa miezi 11. Leo tuna kibanda cha ushonaji, na mchana nikiwa na nafasi nafundisha katekisimu.

Lakini kuna deni jingine lililochukua muda mrefu zaidi. Kwa karibu miaka miwili, kila nilipoulizwa habari za kazi nikajibu "nzuri", mke wangu aliacha alichokuwa akifanya, akaniangalia usoni kidogo kabla ya kuendelea. Hakusema neno. Nami sikuweza kumlaumu. Umaskini wa mwaka ule tuliubeba wawili, na kumbukumbu yake si mbaya. Kule kuangaliwa usoni nilikubeba peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimekitafuta peke yangu.

Basi, ndugu msomaji, kama una barua mfukoni, au hofu moyoni, usiku wa leo ni saa nzuri.

*Maswali ya kujadiliana nyumbani:*

1. Ni jambo gani la fedha au kazi ambalo mwenzangu angelisikia kwanza kwa jirani kabla ya kulisikia kwangu?

2. Je, nimewahi kusema neno lililomfanya mwenzangu aogope kuniambia ukweli?

3. Mshahara wa mmoja wetu ukikoma mwezi ujao, tutaacha nini kwanza, na tutamwambia nani?